Mwaka wa Kumwagilia Chuma

Walipomaliza kufukia, mtu mmoja alipita na ndoo akalimwagia kaburi maji, kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kama ilivyo desturi ya ndugu zetu Waislamu. Nilikuwa nimesimama nyuma kidogo ya kanzu na kofia, mzee wa kanisa niliyetoka Mbweni tangu alfajiri, na midomo yangu ilikuwa ikisema zaburi kimyakimya huku wao wakisema dua yao. Udongo wa Temeke ni mchanga mtupu. Uliyanywa maji yale papo hapo, ukabaki na weusi kidogo juu, na haukupita muda hata weusi ule ukaanza kufifia kwa jua. Watu waliinua mikono. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kwamba maji yale hayatoshi, na kwamba Mzee Mshamu mwenyewe, kama angeulizwa, angesema, “Ongeza, Mchungaji. Hayajafika chini.”

Sijawahi kuwa mchungaji. Jina hilo nilipewa na mafundi wa karakana moja ndogo ya Chang'ombe, mwaka niliofika Dar es Salaam nikiwa kijana, nikitokea chuo cha Biblia cha milimani, ambako kwa kweli nilijifunza kutengeneza vinasa sauti vya kwaya kuliko kuhubiri. Walimu wangu waliliona hilo kabla yangu, wakaniombea nafasi mjini. Mwenye karakana alinipokea kwa majaribio ya mwaka mmoja, akaniweka chini ya Mzee Mshamu, fundi mkimya wa Kilwa ambaye umri wake wa wakati ule leo nimeupita. Kazi niliyopewa ilikuwa moja. Zahanati ya masista iliyokuwa ng'ambo, Kigamboni, ilikuwa na mashine ya zamani ya kuchora mapigo ya moyo, na karatasi zake maalumu zilikuwa hazipatikani tena. Tulitakiwa kutengeneza kifaa cha kuyachukua mapigo ya mgonjwa na kuyaonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Masista wakikubali kifaa, nabaki. Wakikikataa, narudi milimani. Nilimwambia Mungu hivyohivyo siku ya kwanza, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji: ukitaka nikae mji huu, kazi hii ikubalike. Nilikuwa kijana, nilidhani Mungu hupangiwa.

Nilipanga chumba Temeke kwa Bi Mwanahawa, katika nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Kuta hazikufika kwenye bati. Juu ya kila ukuta palibaki pengo la kadiri ya mkono, na kwenye pengo hilo yalipita maisha ya watu wote: harufu ya dagaa wakikaangwa, moshi wa udi, mpira wa redioni, kikohozi cha Bi Mwanahawa, na maneno ya Mama Rehema na mumewe waliokuwa chumba cha pili. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, sufuria, Biblia na kitabu cha nyimbo. Jioni nilikaa kitandani nikila ugali na mchicha, na nyumba nzima ikazungumza juu ya kichwa changu. Nakumbuka Jumapili moja alasiri Mama Rehema alianza kumhoji mumewe.

“Umekula wapi leo?”

“Nimekula kazini.”

“Kazini kwenu siku hizi wanapika pilau?”

“Nani kasema pilau?”

“Shati limesema.”

Nilicheka kwa sauti kabla sijajizuia. Kisha sauti ya Mama Rehema ikapanda juu ya ukuta: “Na wewe jirani, cheka polepole, kesi yenyewe bado mbichi.” Nyumba nzima ikacheka, nami nikacheka nao, kila mtu chumbani kwake. Kicheko kilipokwisha nikabaki nimeshika sufuria, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kama ninawasikia, nao wananisikia. Tangu jioni ile niliacha kusali kwa sauti. Nilikuwa sijagundua kwamba sala ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu pekee. Baada ya hapo wiki iliweza kupita bila sauti yangu kutumika kwa lolote zaidi ya shikamoo asubuhi na ahsante kwa muuza mkaa. Leo naishi kwenye nyumba yenye kuta zilizofika juu, na uzio, na miti niliyoipanda mwenyewe, na sisikii kesi ya mtu. Namshukuru Mungu kwa nyumba hiyo. Lakini tangu mke wangu atangulie, kuna jioni ninazokaa na chakula changu nikisikiliza, kama mtu anayengoja ukuta useme.

Kila asubuhi, kabla hakijawashwa kitu karakanani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwagilia chuma. Nyuma ya jengo palikuwa na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini hadi ikabaki kichwa tu, na kutoka kichwa hicho waya mnene ulipita dirishani ukafika kwenye meza zetu. Ndiyo ethi, njia ya umeme usiotakiwa kwenda kupumzika ardhini. Lakini mchanga wa pale ukikauka haupokei kitu, na umeme ule uliokosa pa kulala huanza kuzurura ndani ya vifaa, ukivuma kama nyuki kwenye chupa. Basi nilijaza ndoo, nikatia gao la chumvi, ujazo wa kiganja, nikamwaga kuzunguka chuma, nikasubiri yashuke, nikaongeza. Mama Chausiku, mama ntilie aliyekuwa na mabenchi yake upande wa pili wa uchochoro, hakuniacha hata siku moja.

“Mchungaji! Hicho chuma ulichopanda kitaota lini?”

“Bado kidogo, mama.”

“Kikizaa misumari unitengee. Benchi langu limelegea.”

Nilikula kwake mchana, wali na maharage, nimeelekea ukutani kwa sababu kwenye mabenchi watu walikaa na watu wao. Aliwahi kuniuliza, akiwa na upawa hewani, “Unakula mbio hivyo unamkimbia nani? Hapa hakuna anayekufukuza.” Nikasema namshukuru. Nilimaliza vilevile, mbio, nikarudi kazini kabla ya wenzangu.

Kazi yenyewe ilinifundisha uvumilivu ambao chuo cha Biblia kilikuwa kimenieleza tu. Umeme unaotoka kwenye moyo wa mtu na kufika kwenye ngozi ya mkono ni mdogo mno, mdogo kuliko ule unaorushwa na taa ya dari bila hata kuguswa. Kompyuta nayo haijui umeme, inajua namba. Ndani yake tuliweka kadi ya kugeuza umeme kuwa namba, na kadi hiyo ilikuwa na masharti yake: haikuona kitu kidogo, haikujua kitu kilicho chini ya sifuri, na ikipewa kikubwa kupita kiasi iliungua. Mzee Mshamu aliniambia siku ya kwanza, akiipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, “Kadi hii ni mjinga mwaminifu. Utakachompa ndicho atakachohesabu. Ukimpa moyo atahesabu moyo, ukimpa taa ya dari atahesabu taa ya dari, na atakuapia kwamba ni moyo.” Kwa hiyo kazi yetu yote ilikuwa mlangoni, kabla ya kadi. Kuukuza umeme wa moyo. Kuuinua, ili hata unaposhuka usiende chini ya sifuri. Kuuwekea kizuizi usipande hadi kuunguza. Na kuuchuja.

Alinieleza pia kwa nini tunachukua nyaya mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, badala ya mmoja. “Kelele za mji zinaingia mikono yote sawasawa,” alisema. “Moyo hauingii sawasawa, maana hauko katikati. Toa mkono mmoja kwenye mwingine. Kilicho sawa kinakufa, kinabaki moyo.” Alisema hivyo huku akitafuta bisibisi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi niliyachukua maneno yale nikaenda nayo chumbani, nikawaza juu yake chini ya pengo la ukuta, katikati ya redio na vikohozi. Nimewahi kuyasema hata kanisani, kwenye maombi ya katikati ya wiki, na vijana wakadhani nimeyatoa kwenye kitabu.

Ili kujaribu kifaa ilibidi tuwe na moyo. Karakana nzima watu walikuwa na shughuli, basi Mzee Mshamu aliniambia nilale kwenye meza ya mbao. Alikuwa na vipande vya kitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi na vibati vidogo vya fedha. “Lete mkono,” akasema. Akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akatafuta mahali pazuri juu ya kifundo, akaweka kitambaa, akaweka kibati, akaanza kufunga. Sikuwa nimejua mpaka dakika ile kwamba tangu niondoke milimani hakuna mtu aliyenishika kwa muda unaozidi salamu. Niligeukia ukutani nikajifanya nasoma kalenda iliyotundikwa pale. Mzee akamaliza mkono ule, akazunguka meza, akashika wa pili.

Kioo kilipowaka, moyo wangu ulikuwepo: mstari wa kijani wenye kilele chembamba, kisha kilima kidogo, kisha kilele tena. Chini yake palikuwa na wimbi pana lililopanda na kushuka polepole, likiubeba moyo kama mtu anavyombeba mtoto. Nilifurahi. Nilisema ni pumzi zangu, maana nilikuwa nimesoma kwamba pumzi huonekana hivyo. Mwenye karakana aliitwa, akatazama, akapiga makofi, akasema apigiwe simu Sista Editha, mkuu wa zahanati, aje aone. Mzee Mshamu alikuwa bado ameinama mbele ya kioo.

“Mchungaji,” akasema, “zuia pumzi.”

Nikazuia. Wimbi likapanda. Likashuka. Likapanda tena, kwa raha zake.

“Bado umezuia?”

Niliitikia kwa kichwa, macho yamenitoka.

“Basi anayepumua hapa siyo wewe.”

Ulikuwa umeme wa mtaani. Kadi yetu ilikuwa ikichungulia na kufumba, ikichungulia na kufumba, na kasi yake ya kuchungulia ilikaribiana na kasi ya mtikisiko wa umeme ule. Kila ilipofungua jicho ilimkuta mgeni karibu palepale ilipomwacha, amesogea hatua ndogo tu. Kwa hiyo mtikisiko wa haraka ulionekana kwenye kioo kama pumzi ya mtu aliyelala kwa amani. Nilisema tutauondoa ndani ya kompyuta, kwa hesabu, nilijua namna. Mzee akanifungua mikono polepole. “Umeshaswali,” akasema, “ndiyo unatafuta maji ya udhu? Kikishakuwa namba huwezi tena kujua lipi la moyo na lipi la mgeni. Safisha kabla ya kuingia.” Mwenye karakana, ambaye makofi yake yalikuwa bado hewani, aliniambia nikiwa navaa viatu kwamba sista atakuja baada ya Idi, na kwamba mwaka wangu nao unakaribia ukingoni.

Ilikuwa Ramadhani, katika joto lile linalotangulia masika. Mchana Mama Chausiku hakupika, na mafundi walizungumza kidogo. Mimi sikufunga kwa imani, lakini niliona haya kula mbele ya mzee aliyefunga, kwa hiyo nilijinyima nami. Niliuvunja ubao wote wa saketi nikaanza upya. Nilitengeneza chujio kabla ya mlango wa kadi, ili mitikisiko ya haraka iishie hapo na moyo uende mbele. Ile sehemu ya kutoa mkono mmoja kwenye mwingine ilihitaji rizista mbili, vile vipuri vya kuupunguza umeme, zinazofanana kabisa, na katika makopo yetu hazikuwepo mbili zilizofanana kabisa, ila kwa kupima moja moja. Nilipima siku nzima, mtu peke yangu na vitu vidogo vyenye mistari ya rangi, nikitafuta kila kimoja mwenzake. Siku iliyofuata, karibu na magharibi, Mzee Mshamu alisimama karibu yangu akisuuza mikono. “Leo unafuturu kwetu,” akasema. “Bi Zuhura kasema.”

Bi Zuhura alikuwa mkewe. Niliketi kwenye mkeka wao, hapahapa Temeke, mbele ya uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi za sukari na kaimati. Niliposali kimyakimya walinisubiri. Kisha nikala, na Bi Zuhura akacheka hadi akashika mbavu. “Mume wangu, huyu Mlutheri mbona anakula kama kafunga?”

“Kafunga,” Mzee akajibu. “Kafunga tangu aje mjini.”

Nilidhani ni mzaha wa mezani, nikacheka nao. Nilikwenda tena, na tena, hadi Idi. Nilijiambia kwamba hiyo ni desturi ya mwezi wao, kwamba mgeni yeyote angeitwa.

Sista Editha alikuja Ijumaa iliyofuata Idi, kabla ya saa aliyosema, saa ile ambayo Mzee Mshamu na wengine walikuwa wamekwenda msikitini na mwenye karakana alikuwa mjini. Nilikuwa peke yangu, nimefagia, nimetandika kitambaa cheupe mezani. Alikuwa mama wa Kimatengo, mfupi, asiyependa kupoteza muda. “Nifunge mimi,” akasema, akakunja mikono ya vazi lake hadi kwenye viwiko. “Nataka kuona moyo ninaoujua.” Nilimfunga polepole kama nilivyofungwa. Kioo kikawaka, na mstari wote ukawa na manyoya, kama uzi uliokokotwa kwenye vumbi. Wimbi la uongo halikuwepo, kazi ya chujio ilionekana, lakini mvumo ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona.

“Huyu mgonjwa anatetemeka?” akauliza.

Nilitazama waya, nikatazama ubao. Kisha nikatazama kitambaa cheupe, na fagio, nikajua. Kwa kushughulika na usafi wa mgeni nilikuwa sijatoka nyuma asubuhi ile. “Sista, naomba dakika moja,” nikasema, nikachukua ndoo. Dirishani aliniona vizuri, maana nilimsikia Mama Chausiku, aliyekwisha rudi na vyungu vyake, akimwambia kutoka ng'ambo ya uchochoro: “Usiogope, Sista! Ndivyo wanavyoombea mvua hawa!” Nilimwaga, nikasubiri. Mwaka mzima ulikuwa ndani ya mchanga ule. Nikaongeza.

Niliporudi ndani, manyoya yalikuwa yamelala. Kilele chembamba, kilima, kilele. Nikamwomba azuie pumzi. Moyo uliendelea peke yake kwenye mstari ulionyooka, na Sista Editha, aliyekuwa amewatazama wagonjwa wengi kwa macho ya kazi, akakaa akijitazama mwenyewe. “Kumbe,” akasema mwishoni. Kisha akasema, “Tutakichukua.” Mzee Mshamu alirudi na msala begani. Hakuingia kutazama kioo. Alizunguka nyuma, akatazama mchanga uliolowa, akaniuliza kupitia dirishani, “Umetia chumvi?”

“Nimetia.”

“Basi.”

Jioni ile nilikuwa na habari njema na sikuwa na wa kumpa. Nilikaa kitandani hadi Mama Rehema aliposema kutoka juu, “Jirani, mbona leo huvunji hata kijiko?” Nikajibu kwa sauti, mara ya kwanza tangu ile Jumapili: “Nimepata kazi.” Vigelegele vikaruka juu ya kuta, vya Mama Rehema, vya Bi Mwanahawa, na vya wanawake ambao hadi leo sizijui sura zao. Hakuna mlango uliofunguliwa. Nilizipokea pongezi zangu kutoka kwenye bati, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na nyumba ikaniacha nimalize.

Tulipotoka makaburini tulirudi nyumbani kwa marehemu. Bi Zuhura yuko edani, kwa hiyo alinisemesha kutoka nyuma ya pazia la mlango. Nilisogeza kiti nikakaa upande wangu.

“Mchungaji umekuja.”

“Nimekuja, bibi. Shikamoo. Poleni sana.”

“Marahaba. Tumeshapoa. Unakumbuka ile futari ya kwanza?”

“Naikumbuka. Ulisema niitwe.”

“Unajua kwa nini nilisema?” Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini kwa mbali nilisikia kile kicheko cha zamani. “Kuna siku alirudi hapa akakaa, hakula. Akaniambia, yule kijana wa milimani nimemshika mkono nimfunge waya, akageukia ukutani akalia, akadhani sijaona. Nikamuuliza, ukamwambia nini? Akasema, sikumwambia kitu. Mkono wa pili nimeufunga polepole zaidi. Ndipo nikamwambia, ikija Ramadhani mlete.”

Pazia lilitikisika kidogo kwa upepo. Maisha yangu yote nimemshukuru Mungu kwa mwaka ule, na kumbe nilikuwa namshukuru kwa nusu.

“Chuma chake cha ethi, alichokipigilia mwenyewe hapa nyumbani, kipo huko nyuma ya jiko,” akasema Bi Zuhura. “Tangu alazwe hakuna aliyekigusa. Watoto wanasema ni mambo ya kizamani.”

Nilipita uchochoroni hadi uani, walikokuwa wanawake wakiosha masufuria ya msiba. Nikaomba ndoo na gao la chumvi, wakapeana macho, wakanipa. Mchanga kuzunguka kile kichwa cha shaba ulikuwa mweupe kama unga. Nilivua koti la suti, nikainama kwa taabu ya magoti yangu, nikamwaga, nikasubiri yashuke, nikaongeza.